Salamu Thelathini na Nane Kabla ya Maji

Mimi ni mtu wa haya. Nikiona watu wawili wanakuja, napita kichochoroni nisije nikasalimiana nao. Kwa hiyo kamati ya maji ya mtaa wetu hapa Newala iliponipa kazi ya kutengeneza tovuti ya ratiba ya mgao, kwa kuwa nina duka la kutoa kopi na kompyuta moja, nikaona nimepata pa kulipia salamu zote nilizozikwepa. Juu kabisa niliandika shikamoo kwa kila mzee wa mtaa, na ukibonyeza jina inafunguka picha yake. Wakatimia thelathini na wanane. Ratiba ikakaa chini yao. Nilijisifu wiki nzima, peke yangu.

Ndipo Mwalimu Veridiana akaniita. Ndiye aliyenifundisha darasa la tano. Siku hizi haoni. Kompyuta humsomea kwa sauti, naye huiendesha kwa kibodi tu. Siku ya maji ilikuwa imempita mara mbili mfululizo.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hiyo ni ya thelathini na tisa. Kaa usikilize.”

Akabonyeza kitufe. “Shikamoo Mzee Fakihi,” ikasema kompyuta. Akabonyeza tena. “Shikamoo Mzee Alfredi.”

“Alfredi si tulimzika mwezi wa tatu?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Unamwamkia kaburini, na mimi nina kiu.”

Akabonyeza kitufe cha kurukia moja kwa moja kichwa cha habari cha ratiba. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna.

“Kipo, Mwalimu,” nikajitetea. “Nimekiandika kwa herufi nene, nyekundu.”

“Nyekundu,” akarudia.

Nikarekebisha palepale. Ratiba nikaiwekea kichwa ambacho kompyuta yenyewe inakitambua, si unene wa herufi tu. Juu ya salamu nikaweka kiungo kimoja: Ruka salamu, nenda kwenye maji.

“Wazee watanisema, Mwalimu.”

“Waseme wakiwa wameoga.”

Akabonyeza mara mbili tu. “Mtaa wa juu. Jumanne, saa tatu hadi saa tano,” ikasema kompyuta.

“Leo siku gani?” akauliza Mwalimu.

“Jumanne.”

“Saa ngapi?”

“Saa tano kasorobo.”

Alikuwa ameshanisukumia ndoo mbili. Nilikimbia na kitambi changu hadi bombani, nikapata ndoo moja na nusu kabla maji hayajakatika. Niliporudi, Mwalimu alitumbukiza mkono katika kila ndoo, akapima.

“Nusu iliyobaki,” akasema, “wamekunywa wazee wako.”