Mfupa wa Mtoto Kwenye Kilima cha Wasirikwa

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya msingi nje ya Eldoret, upande wa kuelekea Kesses. Nilikuwa nimetoka kwetu, karibu na ziwa, na baridi ya Uasin Gishu ilikuwa bado inaniuma masikio. Nyuma ya shule palikuwa na kilima cha majani matupu chenye mashimo mapana ya duara, mengine yamezungushiwa mawe. Wenyeji waliyaita mashimo ya Wasirikwa, watu waliofuga ng'ombe pale zamani, kabla ya kila mtu. Kando ya kila shimo palikuwa na kichuguu cha mbolea iliyogeuka udongo.

Mwaka huo alikuja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Nairobi, mwanamume mpole mwenye kofia ya kitambaa. Alitaka wananchi wachimbe wenyewe. Kila Jumamosi walipewa mwiko wa fundi, brashi na karai, wakaonyeshwa namna ya kukwangua udongo kidogo kidogo na kuuchekecha. Alihitaji mtu wa kuwaeleza wageni hao wa Jumamosi, na mwalimu mkuu akanitaja mimi. Naibu wa chifu alikuwa akija kila mara na beji ya chama kifuani, kwa sababu wakati ule watu hawakukusanyika tu bila serikali kujua.

Niliipenda kazi ile kuliko kufundisha. Wazee walicheka wakiokota kigae cha chungu. Kina mama wa kanisa walichekecha udongo kama wanapepeta mahindi.

Wiki ya tatu, kwenye kichuguu kimoja, tulipata mifupa midogo myembamba ya mtoto, na mkononi pake palikuwa na bangili ya shaba. Mfupa uliokuwa ndani ya bangili ulikuwa umegeuka kijani kwa kutu ya shaba. Mtaalamu aliigeuza bangili kwa ncha ya brashi.

"Huenda ni mtoto wa Wasirikwa," aliniambia. "Huenda. Hatujafika chini sana, kwa hivyo tusikimbilie."

Mimi niliondoa hilo "huenda". Jumamosi iliyofuata niliwaambia wageni kwamba wameshika mtoto wa miaka mia mbili iliyopita. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani, nikaweka bangili na ule mfupa wa kijani juu ya kitambaa, nikavipitisha mkono kwa mkono.

Mama mmoja, mkulima wa pale chini ya kilima, alivipokea akabaki navyo. Jirani yake alinyoosha mkono apewe, lakini hakumpa. Aliigeuza bangili, akapitisha kidole ndani yake polepole.

"Mwalimu," aliniita. "Hii mmetoa wapi?"

Nilimwonyesha kichuguu.

"Hii si ya Wasirikwa. Hii ni waya ya simu. Ni mzee wangu alikata, akasokota nyuzi tatu, akakunja ncha ndani ndiyo isimdunge mtoto." Akaugusa ule mfupa wa kijani. "Huyu ni mtoto wangu."

Hakulia. Sisi wengine tulisimama pale na miiko yetu mikononi.

Alieleza akiwa amekaa kwenye majani. Yeye na mumewe walikuwa vibarua wa mzungu aliyemiliki shamba lile kabla ya uhuru. Mtoto alikufa kwa homa, hajafikisha miezi sita. "Kwetu mtoto mchanga huzikwa kwenye mbolea kando ya boma. Mzungu akakataa, akasema tutaharibu maji ya ng'ombe wake. Mzee wangu akasema mbolea ya Wasirikwa pia ni mbolea. Tukampeleka hapo. Tukaweka jiwe. Halafu tukahamishwa, na niliporudi sikulijua jiwe tena."

Aliomba apewe mtoto wake. Mtaalamu alivua kofia.

"Mama, pole sana. Lakini kwa sheria, kila kitu kinachotoka hapa ni cha serikali. Lazima niandike barua Nairobi."

"Hata mtoto wangu?"

Mtaalamu alimtazama naibu wa chifu. Naibu wa chifu akasema, "Mimi sijaona mfupa wowote hapa," akaenda kusimama mbali na kutugeuzia mgongo.

Mtaalamu akaleta sanduku la mbao na daftari lake, akaanza kupanga mifupa juu ya kitambaa mbele ya yule mama ili amkabidhi. Nilijua atakachosema kabla hajasema.

"Ubavu mmoja haupo."

Ulikuwa darasani kwangu, ndani ya boksi la chaki. Nilikuwa nimeuchukua bila kuomba ruhusa, nikawafundisha nao darasa la sita. Niliwaacha waukwaruze kwa kucha ili waone tofauti ya mfupa na jiwe.

"Ninao mimi," nilisema. Nilishuka kilima nikikimbia na viatu vya kanisani, nikafungua darasa, nikaufuta vumbi la chaki kwa leso. Niliacha mlango bila kufuli, nikapanda tena.

Mama alikuwa palepale. Niliupeleka kwake kwa mikono miwili, nikapiga magoti na kumweleza kwamba niliwafundisha nao watoto. Nilingoja anitukane.

"Watoto wa shule waliuliza nini?" akasema.

"Waliuliza kama alikuwa msichana ama mvulana. Niliwaambia hatuwezi kujua."

"Waambie ni msichana."

Alimzika mwenyewe, mahali palepale. Hakutaka msaada wetu, ila karai. Mtaalamu alipiga mstari kuufuta ukurasa ule wa daftari lake na kung'oa vigingi vilivyozunguka kichuguu kile. Sikulala vizuri wiki hiyo. Kila nilipoandika ubaoni niliona vidole vyangu na nikajiuliza ni vya nani.

Jumamosi iliyofuata wageni walikuja kama kawaida. Tulikuwa tumeamua kuhamia kichuguu kingine, cha upande wa mashariki, na miiko ilikuwa tayari imegawiwa. Kabla ya kuanza niliuliza, kwa Kiswahili, kisha mzee mmoja akarudia kwa lugha ya wenyeji: je, kuna yeyote hapa ambaye ana mtu wake aliyezikwa kwenye kilima hiki?

Nilidhani watanyamaza. Mikono saba ilipanda.