Hao Wengine Nani Alikupa

Kila mwaka mwezi wa Agosti, kabla ya mazoezi ya kwanza ya timu yetu, wazazi hupanga foleni kwenye uwanja wa shule, jua la Texas likiwachoma utosi, na mmoja mmoja huja mbele na mwanawe. Mzazi humshika mtoto mkono, akauweka ndani ya mkono wangu, akanitazama usoni. Basi. Hakuna hotuba. Wapo akina baba wenye kofia pana na viatu vya ngozi ambao wakifika mbele yangu huvua kofia bila kuambiwa. Wapo wanaoona ni maigizo tu, wanacheka. Wengi wanadhani ni desturi ya Kenya, nilikozaliwa, na nimechoka kuwaeleza kwamba sikuitoa Kenya. Nilifundishwa na mama mmoja wa hapa Garland, mfuaji wa mashuka ya hoteli, na sikufundishwa kwa raha.

Mimi ni kocha mkuu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa helmeti, katika shule ya sekondari. Kwetu nilicheza raga. Nilikuja huku kusoma, nikawa mwalimu wa hesabu, nikaombwa kusaidia mazoezi kwa sababu nina mabega, na miaka ikapita nikajikuta nimevishwa filimbi. Wakenya wenzangu kanisani hawajanisamehe. "Coach," mmoja huniambia karibu kila Jumapili, "hiyo mpira yenu ya mikono, mguu huwa inafanya kazi gani?" Namjibu kwamba mguu ni wa kukimbia maswali yake.

Lakini kazi yenyewe haina mzaha. Watu hudhani kocha mkuu anashinda akichora mishale ubaoni. Mimi nashinda nikiuliza nani hajala, nani amefeli Kiingereza, basi litafika saa ngapi, jezi zimefuliwa au bado zinanuka, na nani anaficha kwamba goti linamuuma. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu anayeficha na anayefichwa wote wawili wanataka kushinda. Na mji mzima unataka ushinde. Kinyozi atakukata nywele huku akikufundisha kazi, na mwenye kituo cha mafuta atakuuliza kuhusu Ijumaa kabla hajakuuliza hali.

Mwaka huo tulikuwa na kijana wa Kirundi aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho wa shule. Alikuwa mkimbiaji wetu, yule anayepewa mpira na kutafuta upenyo katikati ya miili. Sijawahi kufundisha mwingine kama yeye. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, baba yake akafia hukohuko, na mama yake akamleta Texas akiwa bado mdogo. Mama alizungumza naye Kiswahili na Kirundi, yeye akijibu kwa Kiingereza, na walielewana vizuri tu.

Kuelekea mwisho wa msimu aligongwa kichwa. Aliamka, akatembea, lakini akaniuliza mara mbili tunacheza na nani. Tulimtoa, akapelekwa hospitali, wakasema ubongo umetikisika. Akapumzika, akapimwa tena na tena kama sheria inavyotaka, na hatimaye daktari akasema anaweza kurudi uwanjani. Mama yake akasema haendi popote. Na iliyobaki ilikuwa mechi moja, wiki mbili mbele, ambayo tukishinda tunaingia hatua ya mtoano, jambo ambalo shule yetu ilikuwa imelisahau.

Nikaenda kwa mama huyo Jumamosi mchana. Nilikwenda peke yangu, nimevaa fulana ya timu, nikaanza kueleza shida yangu kabla sijakaa vizuri. Alinisikiliza. Akaniletea chai ya maziwa na maandazi, akaniuliza habari za mke wangu, za watoto, za mvua ya Kenya. Nilipomaliza chai akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishukuru kwa kuja. Nilikuwa nimefika kwenye gari ndipo nikatambua kwamba nimekataliwa.

Mke wangu ni nesi, na hana subira na wajinga. Nilipomsimulia aliweka kijiko chini.

"Wewe ulienda kwa mtu kumuomba mtoto, na ulienda mkono mtupu?"

"Nilienda kuomba acheze mechi."

"Hiyo ni kuomba mtoto. Hata mbuzi ya mtu huwezi kuomba hivyo. Umekuwa Mmarekani kabisa."

Kisha akaniambia jambo jingine, ambalo nililisikia bila kulishika. Alisema daktari amesema kijana anaweza kucheza, hakusema ni lazima acheze.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Jumamosi iliyofuata nilivaa koti. Nilimchukua kiongozi wa kwaya ya Warundi, mzee anayefanya kazi ghalani Fort Worth, nikamchukua na Mkenya mwenzangu anayejua kuongea, na tukapita duka la Wameksiko kununua kreti nzima ya soda za chupa, maana soda ya kopo haina heshima. Tukabisha hodi kama watu waliokwenda kuposa. Tuliongea habari za kila kitu isipokuwa kilichotuleta. Mzee wa kwaya ndiye aliyefungua neno, taratibu, akasema tumeona ua zuri katika nyumba hii, na mwenzangu akadakia kwamba hatukuja kuling'oa, tumekuja kuomba lipendeze uwanja kwa jioni moja. Hata mama alicheka.

Halafu akamwita mwanawe kutoka chumbani. Kijana akaja na soksi miguuni, simu mkononi, akasimama katikati yetu bila kujua aweke wapi macho.

"Kule kambini," mama alisema, akiniangalia mimi peke yangu, "nikienda kutafuta kuni sikuwa na wa kumwachia huyu. Nilimpeleka kwa jirani. Sikumwambia niangalizie. Nilichukua mkono wake nikautia kwenye mkono wa jirani. Ukishatiwa mkono, mtoto ni wako mpaka nirudi. Akiumia, umeumia wewe."

Akaushika mkono wa mwanawe, ule mkono mkubwa wenye magamba ya mikwaruzo, akautia ndani ya wangu. "Huyu ni wako," akasema.

Nilishukuru. Tulikunywa soda. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, na njia nzima wale wazee wawili walijisifu jinsi walivyolipanga neno. Mimi nilikuwa nikifungua na kufunga kiganja kwenye usukani. Sikujua kwa nini.

Ijumaa ikafika. Bendi ikapiga, taa zikawaka, wale vijana wakatoka mbio wakipiga kelele. Kijana alisimama kando yangu, helmeti kichwani, akirukaruka kupasha miguu. Nilijiambia nitamwingiza mpira ukitulia. Ulipotulia nikajiambia robo ya pili. Kocha wangu msaidizi, mzaliwa wa hapahapa, alinijia akaniuliza, "Sasa?" Nikamwambia bado. Wapinzani wakafunga. Akaniuliza tena.

Naomba nieleweke. Sikuona dalili yoyote ya ugonjwa. Kijana alikuwa mzima, macho yake maangavu, na kila nilipomtazama aliniambia, "I'm good, Coach." Ningekuwa nimeona kitu ningekitaja hapa, na hadithi hii ingenipendeza zaidi. Nilichokuwa nacho ni kiganja tu. Kila nilipotaka kumgusa bega nimwambie ingia, nilihisi ule mkono ndani ya wangu, na nikawa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo uwanjani, hofu ya mzazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ilikuwa imenipata na sikuiomba.

Nikawaingiza wengine. Walikimbia, wakaangushwa, wakainuka. Tulifungwa kwa pointi chache sana, na kila mtu uwanjani alijua mkimbiaji wetu angezipata akiwa amefumba macho.

Filimbi ya mwisho ilipolia aliitupa helmeti yake chini, akaniuliza swali moja kwa Kiingereza: nimekukosea nini? Nikageuka kutazama majukwaa ili nisimtazame yeye, na hapo ndipo nikamwona mama yake. Hakuwahi kuja hata mechi moja, kwa sababu Ijumaa jioni ni zamu yake ya kufua. Siku hiyo alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Alikuwa amevaa imvutano, kile kitenge chao cha sherehe kinachofungwa begani, na amekuja na akina mama wenzake wa kanisani, wote wamependeza, wote wamekaa na vigelegele ambavyo havikutoka. Niliona aibu. Niliingia chumba cha kubadilishia nguo nikakaa humo mpaka nikawa na hakika kwamba wameondoka.

Jumapili kanisani yule wa swali la mguu aliniambia asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa mara ya kwanza nilitaka kumpiga. Baada ya ibada simu ikalia. Mama alisema niende kula.

Nilikuta amepika maharage na ndizi na dagaa. Kando ya mlango palikuwa na kreti yangu, chupa zote zimeoshwa zikang'aa, zimepangwa kila moja mahali pake, tayari kurudishwa dukani. Hapa Garland duka lile halipokei chupa tupu, lakini sikuthubutu kusema. Kijana alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Tulikula. Nilipomaliza kunawa akaniuliza.

"Nilikupa mtoto acheze. Kumficha, ningemficha mwenyewe hapa nyumbani. Kwa nini hukumchezesha?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila aina. Niliyotoa ni haya: "Mama, ulisema ni wangu. Niliposimama pale nikaona ni wangu kweli. Wangu nisingemwingiza."

Nilidhani atakasirika, na nadhani sehemu yake ilikasirika, kwa sababu alikuwa amevaa akapendeza, akaja kumwona mwanawe akishangiliwa mara moja maishani, nami nimemnyima. Lakini aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Na hao wengine walioingia? Hao nani alikupa?"

Nikasema wazazi wao walitia saini fomu za shule.

"Karatasi," akasema.

Alimwita mwanawe, kijana akaja amenuna, na mama akautia tena mkono wa kijana ndani ya wangu, kisha akautoa. "Nimemchukua," akasema. Ukipewa, unarudisha, hata kama mmekosana. Kijana akarudi chumbani bila kunitazama.

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikimfikiria yule tuliyemwingiza badala yake. Alikuwa na kidole gumba kimefungwa plasta. Kabla ya mechi nilimuuliza kama anaweza kushika mpira, akasema ndiyo, na nikaridhika. Sikumuuliza kama kinauma. Nilimfikiria na yule mnene wa mbele, anayehema kwa sauti akikimbia, na yule asiye na baba wala mama anayeishi na bibi yake. Wote nilikuwa nao kwa miaka, nawajua kasi yao na uzito wao. Nilijiona mtu mwema kwa kumlinda mmoja, kumbe nilikuwa nimewatoa wengine wote wamlipie.

Agosti iliyofuata nikaanza hiyo foleni. Msaidizi wangu alisema wazazi watanicheka, na kweli walicheka, mwaka wa kwanza. Mama yule nilimwomba aje kuwaonyesha. Alikuja na sare ya hoteli akitoka kazini, akasimama kando yangu, na aliyeuweka mkono wa mtoto wake haraka alirudishwa. "Si hivyo," aliwaambia, nami nikatafsiri. "Mwangalie kwanza unayempa." Mwaka uliopita baba mmoja alifika mbele yangu na mwanawe, akanitazama, akashindwa kuuachia mkono. Wakarudi kwenye gari lao. Alikuwa mchezaji mzuri na niliwapungia.

Kijana yuko Stafford sasa, karibu na Houston, anajifunza kutengeneza viyoyozi. Alikaa muda mrefu bila kunitafuta. Siku hizi hupiga simu, anauliza timu inaendeleaje, na ile mechi hatuitaji.

Na baada ya mechi ya mwisho ya msimu, tushinde tusishinde, wazazi hushuka tena uwanjani, nami nawarudishia mmoja mmoja. Sasa mimi huwaingiza vijana kwa kusita zaidi, huwatoa mapema, na kuna mechi tumepoteza kwa sababu hiyo. Kinyozi wangu anazijua zote. Lakini mpira huu ni mpira huu. Msimu uliopita mmoja alivunjika mguu mbele ya macho yangu, katika mbinu ambayo ningeiagiza tena leo. Siku ya kurudisha alikuja kwa magongo, baba yake nyuma yake, dereva wa malori, mtu mrefu asiyependa maneno. Niliuchukua mkono wa kijana nikautia kwenye wa baba, na nikasema nilichopaswa kusema, kwamba sikumrudisha kama alivyonipa. Baba aliushika mkono wa mwanawe kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akaushika wangu, tukasimama hivyo sote watatu mpaka waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kuinamisha vichwa.