Shilingi Isiyosuguliwa

Juzi kijana mmoja aliniletea dukani shilingi ya zamani, ile ya fedha yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili. Ilimeta kama kioo. Kabla ya kuitazama niliinusa. Dawa ya meno! Nikamwambia, "Kijana, hii umeipiga mswaki jana. Wanaokusanya sarafu hawataki uso ulionawishwa."

Akaniuliza nimejuaje. Kakamega nzima hunishangaa, na wana haki. Shule niliiacha darasa la sita, lakini leo nina duka la sufuria na vyuma vikuukuu, nina nyumba ya ghorofa Amalemba, na watu wenye digrii zao huja kuniuliza sarafu gani imesafishwa na gani haijaguswa. Ujuzi huo sikuutoa kitabuni. Niliutoa kwenye masufuria, miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi.

Kwetu, karibu na Bukura, mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba na dada sikuwa naye, kwa hiyo masufuria yalikuwa yangu. Ukoko wa obusuma, ugali wetu, ukishalowa, nilisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Wenzangu walinicheka hadi wakachoka. Hawakujua kwamba macho yangu yalikuwa yanasoma.

Kukhu, bibi yangu mzaa baba, alikuwa na shilingi kama hiyo ya kijana. Aliiweka darini, juu ya meko, nayo ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Siku ya mjukuu kupewa jina, shilingi ilitiwa kwenye maji ya kumwogesha. Asiyeogeshwa nayo, kukhu alisema, atakua kama mgeni nyumbani.

Basi senje, dada yake baba, akajifungua kwetu mtoto wa kiume. Siku ya jina ikafika, maji yakapashwa moto, shilingi haionekani. Wakapekua dari, wakamwaga magunia ya mahindi. Mwishowe senje akaingia chumbani kwa mama yangu, akatoka na kikopo cha mafuta ya kujipaka. Ndani yake shilingi. Inang'aa!

"Nilijua tu!" senje akapiga kelele. "Huyu mgeni wa Lumakanda ndiye mwizi. Ameisugua ili tusiitambue."

"Wifi, hiyo ni yangu," mama akasema. "Mama yangu alinipa nilipoolewa. Kwetu iliwekwa humo ikiwa mpya, kikopo kikazibwa kwa nta."

"Shilingi ya mkoloni, eti mpya! Unatuona wajinga? Kaka akitoka kazini leo, unafunga virago unarudi kwenu."

Kukhu hakusema kitu. Kwetu, kukhu akinyamaza, kesi imekwisha. Nilimwona mama akianza kukunja leso zake, moja juu ya nyingine, bila kulia.

"Haijasuguliwa hiyo," nikasema.

"Nyamaza wewe! Hata shule huendangi vizuri, leo utatufundisha shilingi?"

"Shule siendangi, lakini sufuria naoshanga. Wewe senje huoshangi."

Kukhu akacheka hadi akakohoa. "Mwacheni aseme."

Nikamwomba ile senti kumi yenye tundu aliyoifunga pamoja na funguo zake, nayo nyeusi tititi. Nikachota majivu, nikaisugua mbele yao wote, kisha nikazipeleka zote mbili juani. Senti kumi iling'aa yote kwa mpigo, mng'aro uliokufa, kama sufuria kuukuu iliyosafishwa kwa sababu ya wageni. Ilijaa mikwaruzo myembamba, na weusi ulijibanza kando ya herufi, pale ambapo kidole hakifiki, kama masizi yanavyojibanza chini ya mkono wa sufuria. Ya mama niliigeuza polepole. Mwanga ukatembea juu yake, ukazunguka kama spoku za baiskeli, vile unavyozunguka ndani ya sufuria iliyotoka dukani leo. Mkwaruzo hakuna. Weusi hakuna, hata kwenye manyoya ya shingo ya simba.

Macho ya kukhu yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini mwanga unaotembea aliuona. Akaigeuza mara tatu. "Hii si yangu," akasema. "Yangu ilikufa uso zamani. Rudisha mali ya mwenyewe."

Senje akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale kifua mbele kama jogoo, nikingoja mama amwambie maneno ya kumchoma. Badala yake mama akaichukua shilingi yake, akaitumbukiza kwenye beseni. "Maji yanapoa," akasema. "Leteni mtoto."

Nilikasirika siku nzima. Ile ya kukhu ilipatikana baadaye kwenye tundu la panya, nyeusi kama mkaa, na mimi nikaenda kumringia senje tena.

Mtoto yule sasa ni baba wa watu. Kila akija nyumbani huanzia jikoni kwa mama yangu, akiwa na ingokho, kuku wa zawadi, kwapani, ndipo aende kumsalimu aliyemzaa. Ilinichukua miaka kuelewa. Macho yangu yalimwondolea mama jina la mwizi, na hilo nitajivunia hadi kaburini. Lakini jina la mgeni alijiondolea mwenyewe, pale kwenye beseni, wala hakuhitaji nimsaidie.