Gia Zilipogoma Karibu na Gashoho

Juzi, kwenye gereji moja ya Gitega, nilimwona fundi akibadilisha bushi zilizolika, vile vipete vya mpira vinavyoshika fimbo ya gia, za pikapu kuukuu. Harufu ya grisi ikanirudisha siku tuliyorejea kutoka Tanzania nikiwa mtoto.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa mgonjwa, amelala nyuma ya pikapu yetu, mimi na Mama tumekaa kando yake. Alitaka kuiona Mutaho, alikozaliwa. Karibu na Gashoho gia zikakataa kuingia. Baba akajiingiza chini ya gari, akakata kipande cha kandambili yake, akakishindilia kwenye tundu lililolika na kukifunga kwa waya. Nilisikia spana ikigonga chuma, na Bibi akikoroma. Halafu akanyamaza.

“Mama, Bibi amelala vizuri sasa,” nilisema.

Mama akamwinamia, kisha akamfunika kitenge mpaka usoni. Nilidhani ni kwa sababu ya vumbi.

“Mwache baba yako amalize kwanza,” aliniambia taratibu.

Baba akatoka, akajaribu gia, ikaingia. Akacheka, akapaza sauti kumwelekea Bibi.

“Mama, jikaze! Leo leo tunafika kwenu!”

Nikaweka kidole mdomoni. “Baba, polepole, utamwamsha.”

Akamtazama Mama, na kicheko kikamtoka usoni.

Tulifika Mutaho jioni. Gia ziliingia vizuri njia nzima.