Neno Nililoliacha Mlangoni

Nakumbuka Jumamosi moja huko Kendu Bay, mwanangu, ambapo nusura nimpoteze Atieno, ambaye leo ni mke wangu, kwa sababu ya neno la Kiingereza nililolitamka kila siku bila kujua nilichokuwa nikisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Muhoroni, na nilijiona msomi kuliko nilivyokuwa. Siku hiyo nilikwenda kwa baba yake Atieno kumweleza nia yangu ya kumwoa binti yake. Mwalimu mwenzangu, Wekesa, alinipeleka kwa pikapu yake. Tulipokewa vizuri, tukapewa chai, njugu na viazi vitamu, nami nikayasema niliyokuja kuyasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Baba yake, mwalimu mstaafu ambaye kijiji kizima kilimwita Mwalimu tu, alinisikiliza hadi mwisho. Hakusema ndiyo wala la.

Ilipofika saa kumi na moja, wingu zito lilikuwa limetanda upande wa Nyando, na barabara ya kwetu kwenye miwa ikinyeshewa hunasa hata matrekta. Wekesa akatoka kuwasha gari, akaanza kupiga honi. Nikasimama, nikachukua koti langu, na pale mlangoni, nikiwa nimekwisha kuwapa mgongo, nikasema "Goodbye" kwa matamshi yangu bora, nikaenda zangu.

Gari halijaanza kusogea tulipomwona shangazi yake Atieno, muuza mitumba wa Kisumu, akija mbio, leso ikimponyoka, kiatu kimoja mkononi. Akalipiga boneti kofi.

"We kijana, shuka! Umetoka kwa watu ama umetoka kwa hoteli?"

"Mama, ni mvua hiyo inakuja..."

"Mvua gani? Chai umekunywa, njugu umemaliza, mpaka za huyu dereva umekula. Sasa unatoroka kama mtu ameona askari wa kanjo!"

Wekesa akazima injini. "Bwana, rudi tu," akaninong'oneza. "Huyu mama anaweza kutubeba na gari yetu."

Niliijua desturi, mwanangu, na hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo. Kwetu mgeni hainuki akaondoka. Huomba ruhusa kwanza, akaketi tena, akaombewa safari, kisha mwenyeji humsindikiza mpaka nje ya boma. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utoto. Nilipopata shahada niliamua kwamba ni mambo ya watu wenye muda mwingi.

Nilimkuta Mwalimu pale pale nilipomwacha. Mapajani alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza iliyopoteza jalada lake, naye alikuwa ameishonea jingine la gunia la sukari. Atieno alisimama karibu na mlango wa jikoni, macho chini. Hakunitazama, nami nikajua kwamba lolote litakalosemwa hapo litaniamulia maisha.

"Mwalimu," mzee akaniita, na kwa jinsi alivyonipa cheo chake mwenyewe nilitamani ardhi inimeze. "Lile neno uliacha hapa mlangoni, hebu tusomee."

Nikasoma. Kamusi ilieleza kwamba zamani Waingereza walipoagana waliombeana: Mungu awe nawe. Miaka ikapita, sala ikafupishwa vinywani mwao, na kwa kuwa walikwisha kuzoea kutakiana siku njema na usiku mwema, jina la Mungu nalo likageuka kuwa wema. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu neno hilo mwaka wangu wa kwanza kazini. Sikuwahi kulifungulia kamusi.

"Sisi kwa lugha yetu tunasema nini?" Mwalimu akauliza.

"Oriti," nikajibu.

"Maana yake?"

"Akulinde."

"Nani huyo akulinde?"

Nikaiangalia kamusi. Shangazi akadakia, "Si Mungu? Hata hiyo unataka kamusi?"

Mwalimu hakucheka. "Kwa hivyo hao watu wa mbali na hawa wa hapa wanaagana na sala moja. Wewe umetuombea Mungu akae na sisi, halafu hukungoja amina. Kwako wewe, nani alikuombea?"

Nikaketi. Nikaomba ruhusa kama nilivyofunzwa na mama yangu. Shangazi ndiye aliyeomba, na aliomba kwa utulivu mkubwa, akilitaja wingu, daraja, pikapu na magurudumu yake moja baada ya jingine, honi ikiwa kimya kabisa. Kisha Mwalimu akanisindikiza polepole hadi kwenye ua wa minyaa, akasimama.

"Jibu ya mambo kama hii haitolewi kwa nyumba," akasema. "Inatolewa hapa, wakati wa kuagana. Ungeenda vile ulikuwa unaenda, umetupa mgongo, na mimi ningekupa mgongo." Akanishika mkono. "Rudi na wazee wako."

Mvua ilitukuta Ahero. Tulilisukuma gari matopeni, Wekesa akilalamika kwamba shangazi alilisahau gurudumu la nyuma la kushoto. Mimi nilikuwa nikiimba.

Leo nakusikia, mwanangu, ukisema "bai, bai, bai" kwenye simu na kidole chako kimekwisha kukata. Sikukatazi Kiingereza, kimenilisha. Ila nakuagiza hivi: usitumie neno kila siku kabla hujaliuliza lilikotoka, na usimuage mtu kwa mgongo. Geuka. Mtazame. Mpe nafasi naye akujibu, kwa maana mengine watu huyaweka hadi dakika hiyo, na ukikimbia huondoka bila kuyasikia. Safari haiharibiki kwa dakika tano. Mimi kwa dakika hizo nilipata nyumba, na hadi leo Atieno hunisindikiza hadi langoni nikienda kazini, mvua itishe au isitishe.

Basi Mungu awe nawe barabarani na kazini, akupe watu wa kutoka nje kukusindikiza, na akurudishe kwao salama. Oriti, mwanangu. Usiondoke kwanza, sema amina.