Tisa Niliyomwandikia Chelimo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya kujifungua ya hospitali moja hapa Eldoret, matroni hakunionyesha vitanda wala dawa. Alinionyesha rejista. Nilikuwa msichana mgeni kutoka magharibi, na hamu yangu yote ilikuwa kupokea watoto.

Wasioijua kazi hii niwaeleze. Mtoto akizaliwa, mkunga humpa alama kati ya sifuri na kumi: anavyopumua, moyo unavyopiga, rangi yake, nguvu ya viungo, na kama anakunja uso akiguswa. Hufanya hivyo dakika ya kwanza, kisha ya tano. Katika rejista ile niliona tisa ukurasa mzima. Nikamuuliza matroni kama watoto wote wa Eldoret huzaliwa na afya hiyo.

"Sista, mtoto akilia, andika tisa," akanijibu. "Asipolia, mhangaikie mpaka alie, halafu uandike tisa. Ukiandika tatu, ni wewe utasimama mbele ya daktari mkuu ueleze."

Nilicheka. Naona aibu kusema jinsi nilivyozoea upesi. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa naandika tisa bila hata kutazama saa.

Chelimo alizaliwa saa nne asubuhi. Mama yake alikuwa mke wa mkulima wa kijiji cha Ziwa, mimba yake ya kwanza, na aliteseka sana. Nilimfokea kama tulivyowafokea wote: "Fungua miguu! Unabana mtoto!" Mtoto alitoka wa buluu, amelegea kama kitambaa kilicholoa, hapumui. Nilimpangusa, nikamfyonza makamasi kwa mpira, nikampulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Dakika tano zilipita, na nyingine zikafuata, ndipo akatoa kilio chembamba. Nikamwambia mama yake asiogope, mtoto amelia. Nikaenda kwenye meza, nikaandika tisa katika rejista na kwenye kadi ya mtoto.

Alasiri mama akaniita. "Sista, mtoto anafanya mdomo hivi, kama ananyonya na hakuna kitu. Na mguu moja inarukaruka."

"Anaota, Mama. Wewe pumzika."

Kesho yake asubuhi nikawaruhusu waende nyumbani.

Nilihamishwa kliniki ya watoto, na huko tukakutana tena. Chelimo alikuwa na mwaka mmoja, shingo haishiki. Mama alikuja na mama mkwe wake. Daktari wa kliniki, mtu makini, alisoma kadi mara mbili. "Alama tisa? Basi huyu alizaliwa vizuri. Shida ilikuja baadaye, na sijui ni nini."

Mama mkwe akaruka juu. "Mimi najua! Alifunga miguu, akabana kichwa ya mtoto. Hata sista alimwambia. Si ulimwambia?"

Wote watatu wakanitazama. Maneno yalikuwa yangu, na mwandiko kwenye kadi ulikuwa wangu. Nikasema, "Mama, hayo ni ya zamani," nikaita mgonjwa mwingine. Sijawahi kujichukia kama siku ile, na bado sikusema ukweli.

Uzito wa jambo lenyewe niliuelewa miaka mingi baadaye, nikiwa muuguzi msimamizi, tulipopelekwa mafunzoni. Daktari bingwa wa watoto wachanga alitufundisha kwamba seli za ubongo zikikosa hewa hazifi zote pamoja. Nyingine hufa pale pale. Nyingine huokoka kwa shida, damu ikirudi zinaonekana zimepona, kisha baada ya saa kadhaa nazo zinaanza kufa. Ni kama mahindi yetu yakipigwa na baridi ya alfajiri: asubuhi yana kijani, jua likipanda yananyauka. "Saa hizo za katikati ndizo zetu," alisema. Mtoto huyo anahitaji kutazamwa, apimwe sukari, asipashwe joto kupita kiasi, apewe dawa ya degedege, apelekwe kwa wataalamu. Mdomo kunyonya hewa na mguu kurukaruka ndiyo degedege yenyewe ya mtoto mchanga.

Daktari hakusema kwamba mtoto wa namna hiyo lazima apone. Alisema ana nafasi. Chelimo alikuwa na nafasi hiyo, na mimi nikaifuta kwa kalamu.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Wakasema sikuwahi kuwa na doa, nami nikapiga makofi pamoja nao. Baada ya hapo, hapa nyumbani Yamumbi, sikupata raha hata kwa kupanda sukuma wiki, na wiki iliyopita nikaenda Ziwa kuuliza nyumba yao.

Nilimkuta Mama Chelimo akimlisha binti yake uji kwa kijiko. Chelimo sasa ni mwanamke mzima na hawezi kukaa bila kushikiliwa. Nikamweleza mama yote: kwamba mtoto hakupumua, kwamba niliandika uongo, kwamba aliponiita nilimpuuza. "Mama, hukubana mtoto," nikasema. "Hukufanya kosa lolote."

Alimpangusa binti yake kidevu.

"Mama mkwe tulimzika mwaka jana," akasema. "Siku ya mwisho aliniita karibu na kitanda, akashika mkono yangu, akaniambia amenisamehe."