Baiskeli Mbili na Wasindikizaji

Mume wangu ndiye aliyeanza. Jioni moja alikuwa kajinyoosha kwenye kochi akitazama video kwenye simu. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walikuwa wanateremka milima ya Alpi kwa baiskeli, theluji iko juu, majani mabichi chini, na ng'ombe wanene wamesimama kando wakiwatazama. Hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha njia. Walilala kijiji hiki, kesho wakalala kile, basi.

"Wanakwenda wapi hao?" nikamuuliza.

"Hawaendi popote. Wanatembea tu."

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Kasulu, alisogeza uso karibu na simu akawatazama kwa muda. Kisha akauliza nani kafa. Kwa macho yake, watu wazima wawili wanaokimbia na baiskeli bila mzigo wowote lazima wamepigiwa simu ya msiba.

Tulicheka, lakini mimi lile neno la "wanatembea tu" lilinikaa kichwani. Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu anafundisha jiografia sekondari. Watoto wetu wakubwa wako masomoni, na nyumba yetu haijawahi kukosa mgeni. Tumesafiri sana, si kwamba hatujasafiri. Tumekwenda misibani, harusini, hospitali, kwenye ubatizo wa watoto wa watu. Kila mara kulikuwa na mtoto mgongoni, godoro kwenye buti, na shangazi wa mtu fulani katikati yetu akiomba dirisha lifungwe. Hata siku ya harusi yetu, gari la maharusi lilijaa wajomba mpaka bwana harusi akakaa mbele na dereva. Nilipojiuliza ni lini mimi na huyu mwanaume tumewahi kwenda mahali tukiwa wawili, sikupata jibu. Hapo nikajua ninachokitaka. Nilitaka kutoka Kasulu mpaka Kibondo na mume wangu, bila mtu wa tatu.

Nikamwambia. Nilidhani ataniuliza maswali, maana yeye hata kununua ndoo huanza kwa kufikiri. Akasema tu, "Vilima tunavyo." Ndivyo mpango ulivyoanza.

Alipanga kama mwalimu. Nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo, akauvuta ungo kwake akaanza kunionyesha. Fungu hili ni Kasulu. Fungu lile ni Kibondo. Huku ni barabara kubwa, ambayo hatuitaki kwa sababu ya malori. Huku juu ni njia za mashambani, zinapanda na kushuka, mito midogo kila bonde, na karibu na mwisho kuna Busunzu. Akaweka maharage mekundu mahali pa milima mikali na ya njano mahali ambapo tungeweza kupumzika. Nilikuwa sijawahi kumwona na furaha namna ile tangu timu yake iache kufungwa. Mama mkwe alikuja akauchukua ungo, akamimina sufuriani vilima vyote pamoja na mabonde yake, na usiku huo tukala mpango mzima na ugali wa muhogo. Ikabidi kesho yake aanze upya.

Baiskeli ilikuwa hadithi nyingine. Yeye alipata ya mtumba yenye gia. Mimi nilisema naenda na yangu, baiskeli ya mzigo, nzito, yenye keria ya chuma, ambayo nimepelekea watu sare za shule miaka mingi. Alijaribu kunieleza faida ya gia kwenye mlima. Nikamwambia mlimani gia yangu ni mapaja. Tulikubaliana tu juu ya breki, kwamba zote nne zibadilishwe, kwa sababu kule kwetu mteremko haukupi nafasi ya kuomba radhi. Tukaenda kujaribu kwenye kilima kilicho nje ya mji. Mimi nilishuka nikipiga kelele kwa raha na kanga ikapeperuka ikabaki kwenye miiba, na wanawake waliokuwa wakipalilia wakasimama kuuliza kama nimeumia. Nilipowaambia sijaumia, nimefurahi tu, walitazamana.

Pampu, viraka, gundi, spoku za akiba, vyote vilikuwa tayari. Tulikuwa tumefikiria mvua, pancha na hata mbwa. Halafu mume wangu akafanya kosa ambalo Mzungu wa Alpi hawezi kulifanya hata akipewa mwaka mzima. Alipiga simu kwa ndugu kuwaambia tunapita.

Nilimkuta uani, simu sikioni, anatabasamu. "Ndiyo shemeji, Alhamisi. Ndiyo, tutapita kwako." Nilimwonyesha kwa mkono akate. Akanigeuzia mgongo. Alipomaliza nikamuuliza kama ana akili timamu.

"Mama, nitapitaje Kagerankanda bila kumwambia dada yako? Akija kusikia, nitakula wapi Krismasi?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mzungu akipiga simu anapiga hotelini, na hotelini hakuna dada. Sisi kila kilima tulichokuwa tumekipanga kilikuwa na mtu wetu juu yake. Na kwetu mgeni haachwi aende peke yake. Wazee wangu waliotoka Burundi wanaita guherekeza, Waswahili wanasema kusindikiza, lakini sisi tunasindikiza kwa jasho. Mwenyeji anaishika baiskeli yako kwenye usukani na kuikokota yeye mwenyewe, na wewe unatembea pembeni ukipiga soga. Kupanda baiskeli wakati mwenyeji anatembea ni matusi. Anakufikisha mtoni, au kwenye njia panda, au kwa mtu anayemwamini, ndipo anakuachia. Kisha anasimama kukutazama mpaka upotee machoni.

Habari zikasambaa. Kaka yangu wa Titye akapiga simu kwa ukali, kwa nini yeye anarukwa. Nikamweleza kwamba Titye haipo kabisa kwenye njia yetu. Akasema undugu hauangalii njia. Jumapili, kwenye matangazo ya kanisa, tukaombewa tukiwa tumesimama mbele, na mama mmoja wa kwaya akamtoa mwanawe mwenye bodaboda atufuate nyuma polepole, tusije tukapotea. Muuza duka jirani yetu, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Pwani, ndiye pekee aliyeelewa. Aliniwekea tende kwenye mfuko akasema, "Mwenda bure si mkaa bure, mwanangu. Nendeni mkazurure." Nilimpenda sana siku ile.

Usiku niligomba. Nilimwambia mume wangu kwamba ameniharibia. Kwamba niliomba kitu kimoja, si gauni wala simu mpya, na yeye amekigawa kwa ukoo mzima kama nyama ya sikukuu. Akasema hakujua kwamba nilikitaka hivyo. Nikamuuliza alidhani nabadilisha breki kwa ajili gani.

Tukaondoka hivyohivyo, Alhamisi asubuhi. Bodaboda tuliikataa kwa maneno matamu, lakini majirani walitutoa mpaka mwisho wa mji, kwa miguu. Mama mkwe alikuja pia, akimshika mwanawe mkono kama anakwenda jeshini. Tulipopanda baiskeli, mimi nilianza kukanyaga kwa nguvu nisije nikaitwa tena. Tukapata kipande kidogo cha njia, miti ya mikaratusi huku na huku, mume wangu mbele yangu shati likipepea, na nikaanza kusahau hasira. Mara dada na shemeji hao, wamekuja kutupokea njiani. Shemeji akashika usukani wangu.

Tulikula, tukalala, tukaamka. Asubuhi shemeji alitusindikiza. Juu ya kilima cha kwanza njia inafunguka na unaona bonde lote, migomba, mashamba ya maharage, moshi wa majiko, na mteremko mrefu mwekundu unaoteleza chini bila hata jiwe moja. Ulikuwa mmoja wa ile mume wangu aliyoiwekea maharage ya njano. Niliuteremka wote kwa miguu, nikimsikiliza shemeji akieleza bei ya mbolea. Mume wangu alinitazama mara moja tu, akaangalia pembeni haraka. Chini mtoni shemeji akatukabidhi kwa rafiki yake, ambaye alikuwa ameambiwa jana na alikuwa anangoja amevaa shati la kanisani. Huyo akatukokotea mpaka kwa binamu. Binamu akatufikisha Busunzu jua likiwa limeegemea magharibi, na miguu yetu ilikuwa imetembea karibu safari nzima huku baiskeli zikibembelezwa na watu wengine.

Busunzu anaishi masenge wangu, dada yake baba, mjane, mkavu, mwenye mdomo mkali kama wangu. Alitupikia kuku, akamcheka mume wangu kwa gia zake, akalala mapema. Siku ya mwisho asubuhi nilimkuta mlangoni, amevaa kitenge kizuri na fimbo mkononi.

"Masenge, unakwenda wapi?"

"Nawasindikiza, mwana wanje. Ningewaacha muende kama mbwa?"

Mume wangu akaniambia kwa macho ninyamaze. Masenge alishika usukani wa baiskeli yangu kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, na mimi nikashikilia keria nyuma isimwangukie. Tulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kila mtu tuliyekutana naye alisimamishwa na kuelezwa mimi ni mtoto wa nani. Jua likapanda. Tulifika mahali njia inapoanza kushuka kuelekea Kibondo, na nikamwona masenge anajiandaa kushuka nasi mteremko wa mwisho wa safari yangu.

Mimi si mtu wa subira, na siku ile hata ile kidogo niliyo nayo ilikuwa imeisha kabisa. "Masenge," nikasema, "naomba urudi. Nataka kwenda na mume wangu. Wawili tu."

Nilijua nimekosa adabu kabla sijamaliza. Mume wangu aliinama kuchunguza mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. Masenge alinitazama kwa muda mrefu, na sikuweza kujua kama atanichapa au atalia.

"Wawili tu mufanye nini?" akauliza.

"Hatufanyi kitu. Tutembee tu."

Aliegemea fimbo. Akatazama kule chini njia inakokwenda.

"Njia hii niliipita na mjomba wenu tulipokuja tukikimbia Burundi," akasema, akiwa na maana ya marehemu mumewe. "Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Tulikuwa watu wengi, wenye vikapu, wenye wagonjwa. Nilikuwa namtafuta kwa macho tu, namuona kule mbele amebeba mama yake. Tukafika, tukajenga, tukalima, watoto, wageni. Nikasema siku moja nitakwenda naye mahali. Kumbe mtu anaweza kuomba. Mimi sikujua."

Nilitaka kumwambia basi twende wote, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana alinisukumia usukani kifuani kwa nguvu.

"Shika. Mugende amahoro, nendeni kwa amani."

Akageuka. Hakusimama kututazama mpaka tupotee kama desturi inavyotaka. Aliondoka kwa haraka kuliko alivyokuja, bila kuangalia nyuma, ili tusiwe na mtu hata wa kututazama. Nilisimama pale machozi yananitoka, na ni mume wangu aliyeniambia nipande.

Tulishuka. Sina maneno mengi kuhusu ule mteremko. Upepo uliingia mdomoni, keria yangu ikapiga kelele kwenye kila tuta, na mume wangu, ambaye kwenye harusi hachezi, alikuwa anaimba. Chini kulikuwa na daraja la mbao na kivuli. Tukasimama tukihema, tukatazamana. Hakukuwa na mtu mwingine kabisa.

"Sasa tuzungumze nini?" akauliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kweli, hatukuwa na la kuzungumza ambalo halikuwa ada, mvua au mgonjwa. Tukala tende. Akaniuliza kama namkumbuka alivyokuwa amenyoa siku tulipokutana. Nikamwambia namkumbuka, alikuwa amenyoa vibaya. Tukaenda hivyo, polepole, sambamba, tukiulizana mambo ambayo nilidhani kila mmoja anayajua kwa mwenzake, na mengi hatukuyajua.

Kutoka kwenye kilima cha mwisho tuliiona Kibondo, mabati yanang'aa. Na chini kidogo, kwenye njia panda, tukawaona. Shemeji za mume wangu wanaoishi hapo, watoto wao, mama mmoja mwenye mwavuli, na kijana aliyepanda juu ya kichuguu ili atuone wa kwanza. Walikuwa wamekuja kutulaki na walikuwa bado hawajatuona.

Mimi niliweka mguu kwenye pedali. Nilikuwa nimeridhika, na watu wanangoja juani. Lakini mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumchelewesha ndugu hata mmoja, mtu aliyepiga simu kwa ukoo mzima, alikamata breki, akaivuta baiskeli yangu taratibu nyuma ya kichaka, akailaza majanini pamoja na yake.

"Kaa kidogo," akaninong'oneza. "Waache wangoje."